Mwalimu na Apige Hodi Kwanza

Hotuba ya mwenezi wa chama katika mkutano wa tawi, mwanzoni mwa mwaka wa shule





Tumepewa nafasi ya kusema leo, nasi twaahidi kwamba hatutasema habari ya kura wala ya viti. Siku ya kusema hayo ipo. Leo twataka kusema habari ya mlango: mlango wa nyumba ya mzazi, na mwalimu ambaye yapasa asimame mbele ya mlango huo, aseme hodi, ajitaje jina, akaribishwe, akae.

Huu ni mwezi wa Januari. Watoto wetu wa darasa la kwanza wameanza shule. Asubuhi mmewaona njiani, sare zimewazidi kimo, wamekumbatia madaftari mapya kama mtu anayepeleka kuku mnadani. Wiki iliyopita, tulipokuwa tukipita nyumba kwa nyumba kwa kazi ya tawi, tulifanya jambo moja dogo. Kila nyumba yenye mtoto wa darasa la kwanza tuliuliza: "Mwalimu wa mtoto wenu anaitwa nani?" Mzazi mmoja alitujibu: "Ni yule mrefu." Mwingine akasema: "Ni yule mama mwenye pikipiki." Baba mmoja akasema kwa kicheko: "Mwalimu ni mwalimu tu, jina la nini?" Tukaenda na upande wa pili. Tulimwuliza mwalimu mmoja kijana juu ya mtoto aliyekaa mbele kabisa, wazazi wake ni akina nani. Akajibu: "Huyo ni wa kule mtoni."

Ndugu zangu, hebu tufikiri. Mtu akikuazima jembe, wamjua jina. Mtu akikuchungia mbuzi watatu, wamjua jina, la babaye, na nyumba aliyooa. Lakini mtoto wako, uliyemzaa au uliyeachiwa na ndugu yako, unamtoa kila asubuhi kwa mtu usiyemjua jina, naye anampokea mtoto asiyejua katoka kwa nani. Je, hili ni jambo la kucheka?

SISI TUNAOSEMA NI NANI

Yafaa tujitambulishe, maana itakuwa aibu kuwafundisha wengine kujitambulisha nasi tumejificha. Sisi ni vijana tuliotoka chuo cha ualimu, tukapata vyeti, tukangoja ajira. Wengi wetu mwajua tulivyongoja. Tulipoona kungoja hakuna mwisho, watatu kati yetu tukaenda kufundisha kwa kujitolea katika shule ya kijiji huko Usukuma, kusini ya Ziwa. Tulipewa darasa la kwanza na la pili, maana walimu wengi huyakimbia madarasa hayo. Baadaye ndipo tukaingia katika kazi hii ya uenezi. Basi tumekaa pande zote mbili: tumeshika chaki, na tumeshika daftari la wanachama. Tutakayosema leo tumeyapata kwa makosa yetu wenyewe, wala hatumsingizii mtu.

BIBI NA FEDHA ZA KUKU

Katika darasa letu palikuwa na mtoto wa kiume aliyekuwa akilala. Ikifika saa tatu, kichwa kiko juu ya dawati. Tulimwamsha, akalala. Tulimsimamisha, akalala kwa kusimama. Katika hesabu tulimpa sifuri, maana tulipomwambia ahesabu mpaka kumi alinyamaza kimya. Tukaandika katika daftari lake kwa wino mwekundu: "Mzazi afike shuleni." Hakufika mtu. Tukaandika mara ya pili. Tukaandika mara ya tatu. Tukasema katika chumba cha walimu, na leo twaona haya kuyarudia maneno hayo: "Wazazi wa hapa hawajali elimu."

Siku moja jioni tukaona heri twende wenyewe. Tulitembea kadiri ya saa nzima. Tukamkuta bibi mmoja anapeta mtama. Tukamwamkia, "Mwadila, mayu," naye akashangaa kusikia Kisukuma kibovu kinatoka katika vinywa vya walimu, akacheka, akatupa vigoda. Mama wa mtoto alikuwa amekwenda mjini Mwanza kutafuta kazi. Bibi hakujua kusoma. Daftari lenye wino mwekundu alikuwa nalo, amelihifadhi vizuri juu ya kabati, wala hakumpa mtu amsomee, kwa kuwa alijua, hivyo alivyosema, maana yake ni nini.

Akasema: "Wajukuu zangu, nilijua mwaniita kwa ajili ya mchango. Nilikuwa na kuku wanne. Nimeuza wawili. Nangoja wa tatu apate mnunuzi ndipo nije, nisije mikono mitupu."

Akafungua pembe ya kanga yake, akatoa fedha, akatunyoshea. Tulikataa. Akasisitiza, maana hakuamini kwamba walimu watatu wametembea saa nzima bila ya kutaka kitu. Ndugu wanachama, na tuseme ukweli wote: posho tuliyokuwa tukipewa sisi wa kujitolea ilitokana na michango ya wazazi. Kuku wale wangeweza kuwa chakula chetu. Siku ile tulitamani ardhi itumeze.

Tulipokaa, tukayapata mambo ambayo wino mwekundu haukuyapata kwa majuma sita. Bibi miguu yamsumbua, basi mtoto huamka kabla ya kucha kuteka maji, kisha ndipo aende shule. Jioni huwapokea ng'ombe wa jirani wanaporudi zizini. Kazi yake ni kuwahesabu. Ng'ombe ni 37, na akikosekana mmoja yeye huita kwa sauti na kuutaja rangi yake. Mtoto huyu ndiye tuliyempa sifuri ya hesabu! Alikuwa akihesabu kwa lugha ya nyumbani kwake, nasi tulimwuliza kwa Kiswahili ambacho hajakizoea, mbele ya wenzake zaidi ya themanini. Kabla hatujaondoka, jirani mwenye ng'ombe akasema binti zake watamtekea bibi maji siku za shule. Jambo likaisha kwa maneno mawili, bila ya barua.

Hatutadanganya kwamba mtoto huyo alikuwa wa kwanza katika mtihani. Hakuwa. Lakini hakulala tena, na ilipofika mavuno ya pamba alikuwa akisoma maneno mafupi bila ya kusaidiwa. Na kila asubuhi tulimpa kazi ya kuhesabu wenzake waliofika.

MTENGANO HUU UMETOKA WAPI?

Wako watakaosema kwamba hali hii ni ya siku hizi tu, imeletwa na simu na pikipiki. Sivyo. Mzizi wake ni wa zamani. Shule ya mkoloni ilijengwa kwa ajili ya wachache. Katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba mwaka 1961 watoto waliokuwa katika shule za msingi za Tanganyika walikuwa kama 490,000 tu, na wengi wao hawakupita darasa la nne. Katika shule za sekondari walikuwa 11,832, na kidato cha sita 176. Shule ya namna hiyo ilikuwa ikimchuja mtoto na kumtoa kwao. Haikuwa na haja ya kumjua mzazi, kwa sababu haikukusudia kumrudisha mtoto kwa mzazi. Andiko lile lile lililaumu elimu inayomfundisha mtoto kwamba maarifa yote yamo vitabuni, na kwamba wazee wake hawana la kumfunza.

Lakini kumbukeni pia kwamba palikuwa na wakati ambapo ukuta huo ulibomoka. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Jioni wazee wetu walikwenda shule zile zile, wakakaa juu ya madawati yale yale ya watoto wao, wakafundishwa na walimu wale wale. Wazee mliopo hapa mwakumbuka. Mwalimu hakuhitaji kujitambulisha kwa mama, maana mama alikuwa mwanafunzi wake wa saa kumi. Alimjua jina, alijua ana mgonjwa, alijua kwa nini mtoto wake kachelewa. Mwaka 1974 likaja Azimio la Musoma la kutaka kila mtoto apate elimu ya msingi, na vijiji vikajenga madarasa kwa mikono yao. Aliyefyatua tofali huijua shule aliyoijenga.

Madarasa yale ya jioni yalipofifia, hakuna aliyekaa kufikiri ni kitu gani kingine kimekufa pamoja nayo. Twaamini kwamba kilichokufa ni mazoea ya mwalimu na mzazi kuonana pasipo kosa na pasipo deni. Siku hizi shule inamwita mzazi kwa mambo mawili tu: mtoto amekosa, au kuna mchango. Basi mzazi akisikia "shule yakuita," moyo wake wajibu ama "kosa" ama "fedha". Ndivyo alivyofikiri bibi yetu, wala hakukosea. Sisi ndio tuliomzoesha.

TUJIFUNZE KWA KAZI YA UENEZI

Ninyi wanachama mwajua kazi ya tawi ilivyo. Tulipokuwa tukitafuta wanachama, je, tuliandika kwa wino mwekundu, "Mwananchi afike ofisini"? Hata kidogo! Nani angekuja? Tulikwenda. Tulipiga hodi. Tulingoja tukaribishwe. Tuliuliza habari za mvua, za mgonjwa, za ng'ombe. Tulisema sisi ni nani na tumetumwa na nani. Ndipo tukasema neno letu, na mara nyingine tuliondoka bila ya kulisema kwa sababu tulikuta msiba. Waliotutangulia walifanya hivyo hivyo. Mwaka 1955 Julius Nyerere aliacha kazi yake ya kufundisha katika shule ya Pugu ili aijenge TANU, na chama kile hakikujengwa kwa matangazo ya ukutani. Kilijengwa kwa miguu, kijiji kwa kijiji.

Twauliza: ikiwa kwa ajili ya kadi tunaweza kwenda kila mlango, kwa ajili ya mtoto twashindwaje?

Ila hapa twaweka mpaka, nao ni lazima usikiwe vizuri. Mwalimu anapokwenda kwa wazazi, asende na kadi ya chama, wala ya kwetu wala ya wengine. Mtoto wa mpinzani wetu ni mtoto wa darasa sawasawa na mtoto wa mwenyekiti wetu. Mwenezi atakayemtumia mwalimu kutafutia kura, au mwalimu atakayeulizia siasa ya nyumba kabla ya kuulizia afya ya mtoto, ataufunga mlango ambao tunataka ufunguliwe. Tawi hili lisaidie, lakini lisijipachike mbele.

MWALIMU ASEME NINI?

Walimu vijana hutuambia: "Haya, nimefika, nimekaribishwa. Nitasema nini?" Mtu hasemi hotuba katika nyumba ya mwenziwe. Yatosha aseme mambo matano.

La kwanza, ajitaje. Jina lake, kwao ni wapi, anakaa wapi hapa kijijini, anafundisha darasa gani. Asione haya kusema kwamba yeye ni mgeni. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni asiyejitaja nani atamjua?

La pili, aseme mtoto atajifunza nini. Asitumie maneno ya chuoni. Aseme kwamba katika darasa la kwanza na la pili moyo wa kazi ni Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Na amwonyeshe mzazi namna ya kusaidia hata kama mzazi hajui kusoma. Mama anaweza kumwambia mtoto, "Nihadithie mlichofundishwa leo." Baba anaweza kumhesabisha maharage, vifaranga, mashimo ya kupandia. Bibi anaweza kumpa nafasi kando ya taa kwa nusu saa. Kusimulia kwa lugha ya nyumbani si dhambi, maana mtoto anayeweza kusema habari kwa mpango katika lugha ya mamaye ana msingi wa kujengea Kiswahili.

La tatu, aseme waziwazi juu ya fedha. Tangu mwaka 2002 ada ya shule za msingi iliondolewa, na tangu mwaka 2016 elimu bila ada ikafika kidato cha nne. Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka 2016 ulieleza wajibu wa kila upande. Mzazi amnunulie mtoto sare, madaftari na kalamu, na aangalie chakula na afya yake. Michango iwe ya hiari, na mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu mzazi hakuchanga. Mwalimu ayaseme haya kwa kinywa chake mwenyewe. Kijiji kikikubaliana kwa hiari kuchangia uji wa watoto, hilo ni jema, nasi tunaliunga mkono, maana mtoto mwenye njaa hasomi. Lakini hiari isiyoweza kukataliwa si hiari.

La nne, aseme juu ya fimbo. Hapa twajua kwamba wazazi wengine hupenda kusema, "Mwalimu, nyama yako, mifupa yangu." Mwalimu asiupokee msemo huo kwa kicheko. Awaambie sheria ilivyo. Kanuni za mwaka 2002 zasema kiboko ni kwa kosa kubwa, visizidi vinne, vipigwe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyepewa ruhusa naye kwa maandishi, na viandikwe katika kitabu. Sisi twauliza, mtoto wa miaka sita aliyekosea herufi ametenda kosa gani kubwa? Aliyelala kwa kuteka maji ya bibi yake ametenda kosa gani? Laiti siku zile tungemchapa mtoto yule, tungekuwa tumemchapa kwa kumtunza mzee wake.

La tano, na hili ndilo kubwa, aulize, kisha anyamaze asikilize. Mtoto anakaa na nani? Nyumbani husema lugha gani? Afanya kazi gani kabla ya shule na baada ya shule? Macho yake na masikio yake ni mazima? Njia apitayo ina mto? Afurahia nini? Mzazi ndiye aliyemsoma mtoto huyu miaka sita, naye mwalimu ana siku sita tu. Kati ya hao wawili, ni nani mwanafunzi?

Basi twatoa mfano wa maneno, ili mwalimu kijana asikose pa kuanzia. Aseme hivi, au kwa namna yake:

"Wazee, shikamooni. Naitwa fulani, mwalimu wa darasa la kwanza. Nakaa nyumba ile karibu na kisima. Mwaka huu ninyi na mimi tutamlea mtoto mmoja. Sikuja kwa kosa, wala sikuja kwa mchango. Nimekuja mnijue, na mnijulishe mtoto. Mimi nitamfundisha kusoma, kuandika na kuhesabu. Sitamdhihaki wala sitamwita mjinga. Nikiona jambo, jema au baya, nitawaambia mapema. Nanyi mkiona jambo, njooni. Mlango wa darasa langu uko wazi, na Jumatano baada ya saa za masomo nitakuwapo nawangoja. Asiyejua kusoma asione haya. Nikiandika kitu, nitakisoma kwa mdomo vile vile. Sasa niambieni, mtoto huyu ni mtu wa namna gani?"

Hayo tu. Kisha anywe maji, ashukuru, aondoke. Wakimpa kuku, akatae kwa adabu, aseme: "Kuku huyu atage, mayai ale mtoto." Maana mwalimu akianza kupokea kuku, nyumba isiyo na kuku itafunga mlango.

"LAKINI WATOTO NI WENGI MNO"

Twasikia mnong'ono upande wa walimu. Mwasema: Ninyi waenezi mwasema vizuri, lakini kipimo cha serikali ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja, nasi tuna zaidi ya 80, pengine 100. Tutazizunguka nyumba zote lini, na masahihisho nani atafanya?

Ni kweli, wala hatuwezi kulipuuza. Tulikuwa na darasa la namna hiyo hiyo. Dawa ya kweli ni walimu zaidi, na vijana wenye vyeti wamejaa mitaani wanangoja. Hilo tutazidi kulidai bila ya kuchoka. Lakini mtoto wa darasa la kwanza hawezi kungoja darasa la kwanza lije mwakani. Kwa hiyo tulifanya hivi: tuliwagawa watoto kwa vitongoji. Watoto 84 walitoka katika vitongoji vitano. Tukamwomba kila mwenyekiti wa kitongoji awakusanye wazazi chini ya mti mmoja, jioni moja, baada ya kazi za shamba. Jioni tano zikatosha kuonana na wazazi wengi. Waliokosa tuliwafuata kisimani, mnadani, kanisani na msikitini. Nyumba zenye shida, kama ile ya bibi, tulikwenda moja moja. Na hizo hazizidi kumi.

Twaongeza mambo mawili tuliyojifunza. Mwezi huu ni wa palizi, basi mwalimu asiite mkutano saa nne asubuhi kisha alaumu kwamba watu hawakuja. Na asimtafute baba peke yake. Mara nyingi anayejua mtoto kala nini ni mama, au bibi, au dada mkubwa. Mkutano wa wanaume watupu juu ya mtoto ni nusu mkutano.

NANYI WAZAZI JE?

Tumesema sana juu ya mwalimu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mzazi naye ana wajibu wake.

Mwalimu akipiga hodi, mkaribisheni. Msimfiche mtoto, wala msijifiche wenyewe. Mwambieni kweli, hata kama kweli hiyo ni ya aibu: kwamba nyumba haina taa, kwamba baba na mama wametengana, kwamba mtoto hukojoa kitandani. Mwalimu naye ailinde siri hiyo kama yake. Mwalimu asipokuja, msingoje mpaka Juni. Nendeni ninyi, mseme: "Mimi ni mama wa fulani, nimekuja unijue." Hakuna sheria inayokataza. Tena ingieni katika kamati ya shule, ulizeni fedha za serikali zilizofika zimetumikaje, someni mbao za matangazo, na asiyejua kusoma asomewe. Mzazi anayeuliza hesabu ya shule hana ugomvi na mtu. Ndiye mwenye shule.

Wala msimseme mwalimu vibaya mbele ya mtoto. Kama ana kosa, lipelekeni kwake, au kwa mwalimu mkuu, au kwa kamati. Mtoto anayesikia nyumbani kwamba mwalimu wake si kitu, na shuleni kwamba wazazi wake si kitu, atamwamini nani? Atakua bila ya kumwamini mtu yeyote. Na taifa la watu wasioaminiana halijengeki, hata likiwa na barabara za lami na majumba ya ghorofa.

MWISHO

Ndugu Mwenyekiti, twamaliza kwa ombi. Twaomba tawi hili liazimie leo mambo matatu. Kwamba wajumbe wetu wawasaidie walimu wa darasa la kwanza kukutana na wazazi wa kila kitongoji kabla mwezi wa Februari haujaisha, bila ya bendera na bila ya kadi. Kwamba kila mwanachama mwenye mtoto shuleni alijue jina la mwalimu wa mtoto wake, naye mwalimu alijue lake. Na kwamba katika mkutano ujao, badala ya kuanza na hesabu ya kadi, tuanze na kuulizana: ni nyumba ngapi zimepigwa hodi?

Yule bibi wa Usukuma alikuja shuleni mara moja tu katika mwaka ule. Alikuja bila ya kuitwa. Alikaa chini ya mti mpaka kengele ya kutoka, akatuambia kwamba alikuwa akipita tu, akaona heri atuamkie. Hakuleta kuku wala fedha. Alikuja kwa kuwa alitujua.

Ndugu zangu, tukifika hapo tumefika mbali. Walimu, pigeni hodi. Wazazi, semeni karibu.